Kabla Umtusi Kocha, Angalia Miguu

Wasee, hii nimeiandika nikafuta mara tatu. Ya nne ndiyo hii, na sitaifuta.

Kama unanifuata unajua Jumamosi ya juzi niliweka klipu ya mechi ya mtaani, vijana wa chini ya miaka 18. Timu ya upande wetu ilinyoroshwa 84–21. Klipu ni sekunde 38 tu. Kuna kijana mmoja, jezi namba nane, kazi yake ni kupandisha mpira. Anavamiwa na wawili, anapokonywa. Anapewa tena, anapokonywa. Tena. Mara nne mfululizo, na kila mara wale wengine wanaenda kufunga bila mtu mbele yao, ni kama wako mazoezini. Mimi niko nyuma ya simu nacheka, sauti yangu inasikika kabisa. Nikaweka maandishi juu: "Nani alimpa huyu jezi?" Nikalala.

Kuamka, klipu imefika mahali sijawahi kufika tangu nianze hii kazi. Na kwa komenti vita imeanza. Upande mmoja unasema kocha afukuzwe leo leo, anakaa pale kwa kiti kama mgeni wa harusi, kwani benchi haina mtu mwingine? Upande wa pili unauliza kocha atafanya nini na vijana hawawezi kudunda mpira hatua tano. Mtu mmoja akaandika ati kocha hajawahi kukosa kikapu hata kimoja, wanaokosa ni wachezaji. Hiyo ilipata laiki nyingi, na kusema ukweli nilicheka pia.

Wengi wenu mmeniuliza kwa inboksi: wewe uko upande gani? Nitajibu. Lakini mnivumilie, juu jibu langu limebadilika kati ya ile Jumamosi na leo, na nimelipata kwa njia ambayo sijivunii.

Nilianza vile huwa naanza, kwa kutafuta vipigo vikubwa vya watu maarufu ndio nijenge hoja. Na kichapo kikubwa zaidi katika historia ya NBA ni cha juzi tu, tarehe 2 Desemba 2021. Memphis Grizzlies 152, Oklahoma City Thunder 79. Tofauti ya pointi 73. Rekodi ya kabla yake ilikuwa 68, Cleveland walipoichapa Miami 148–80 mwaka 1991, na ilikuwa imekaa karibu miaka 30 bila mtu kuigusa. Kufikia mapumziko Memphis walikuwa mbele 72–36. Hebu fikiria: Memphis wangepanda basi waende nyumbani wakati wa mapumziko, Thunder wacheze peke yao nusu ya pili, wangewashinda kwa pointi saba tu. Na Memphis hawakuwa hata na Ja Morant, alikuwa nje na goti.

Kocha wa Thunder usiku huo ni Mark Daigneault. Miezi saba kabla, Mei 2021, Indiana Pacers walikuwa wamemchapa 152–95 nyumbani kwake. Yaani ndani ya miezi saba timu mbili zimemfunga 152. Kama hiyo ingekuwa timu ya mtaa wetu tungemchangia nauli arudi kwao.

Hawakumfukuza. Juni 2025 kocha huyo huyo akabeba ubingwa wa NBA, mechi ya saba, 103–91, na aliowafunga ni Pacers wale wale. Lu Dort, aliyekuwa uwanjani usiku wa 73, alikuwa uwanjani siku ya kombe pia. Na Taylor Jenkins, kocha wa Memphis aliyeshinda kwa 73? Alifutwa kazi Machi 2025, msimu ukiwa umebakisha mechi chache, na timu ilikuwa imeshinda nyingi kuliko ilizopoteza. Maisha, manze.

Sasa ile 73 ilikuwa ya nani? Shai Gilgeous-Alexander, mchezaji wao bora, hakucheza, alikuwa amegongwa kichwa. Waliobaki wengi walikuwa vijana. Na hawakuwa vijana kwa bahati mbaya. Wakubwa wa timu walikuwa wameuza nyota mmoja baada ya mwingine, Westbrook na Paul George mwaka 2019, Chris Paul mwaka uliofuata, wakakusanya nafasi za kuchagua wachezaji wapya. Waliamua kupoteza leo ndio washinde kesho. Kwa hivyo kabla kocha achore mchoro wowote kwa ubao, kabla Dort afunge kamba za viatu, kuna watu waliovaa suti walikuwa tayari wameamua timu itachapwa mwaka huo. Hawakujua tu itachapwa na ngapi.

Watu wanaotetea makocha wanapenda sana hii stori ya Daigneault. Wanaisema kama dua. Mi naona wanaichukua nusu. Thunder wako na uwanja wao wa mazoezi, madaktari, wapishi, na miaka ya kusubiri. Kijana wa miaka 17 wa mtaa wetu hana miaka minne ya kusubiri mradi uive. Ako na hii likizo, na labda ijayo.

Mfano mwingine uko karibu na sisi. Olimpiki ya London 2012, Marekani waliifunga Nigeria 156–73. Pointi 83! Carmelo Anthony alifunga 37 kwa dakika 14 tu, ungeenda kununua soda urudi ukute amefika ishirini. Lakini hiyo Nigeria, kwa mashindano hayo hayo, kocha huyo huyo, wachezaji hao hao, walikuwa wameifunga Tunisia 60–56. Kwa hivyo hawakuwa watu wasiojua kucheza na kocha hakuwa mjinga. Miaka tisa baadaye, Julai 2021, Nigeria wakaenda Las Vegas wakawalaza Marekani 90–87 kwa mechi ya kirafiki, safari hii wakiwa na wachezaji kadhaa wanaolipwa NBA. Na msiseme hiyo ni ya Wanaijeria tu. Angola mwaka 1992 walichapwa na Marekani 116–48 kule Barcelona. Na Februari 2021, pale Yaoundé, Angola hao hao ndio Morans wetu waliwafunga 74–73, Tyler Okari akirusha ile ya mwisho saa ikiisha, Kenya ikarudi AfroBasket baada ya miaka 28. Niliiangalia kwa simu ya kioo kilichopasuka, nikapiga kelele hadi jirani akagonga ukuta.

Kwa hivyo hapo ndipo nilipofika siku ya kwanza: kushindwa ni suala la nani uko naye. Urefu, uzoefu, pesa, mahali pa kufanyia mazoezi. Ukitaka kulaumu kocha juu timu yenye wachezaji wabaya imeshindwa na timu yenye wachezaji wazuri, unalaumu mwavuli juu ya mvua.

Ningeposti hiyo nikamaliza. Shida ni kwamba kushindwa na kunyoroshwa si kitu kimoja.

Ngoja niwaonyeshe na hesabu. Niliacha chuo lakini sikuacha kuhesabu. Mechi ya kawaida ni dakika 40, sekunde 2,400. Tuseme wapinzani ni wazuri: kila wakipata mpira mara kumi wanafunga pointi 12. Nyinyi mkipata mara kumi mnafunga saba. Hamuwezi kushinda hiyo mechi, hakuna vile. Lakini ikiwa kila shambulizi linachukua sekunde 20, kila timu itapata mpira mara 60 hivi, na mtafungwa 72–42. Tofauti ni 30. Ikiwa mnakimbia kimbia, mnarusha baada ya sekunde saba, mnapokonywa, kila shambulizi linachukua sekunde 12, basi kila timu inapata mpira mara 100. Mtafungwa 120–70. Tofauti ni 50. Wachezaji ni wale wale, uwezo ni ule ule. Kilichobadilika ni mwendo.

Timu dhaifu inafaa kutembea. Pandisha mpira pole pole, tumia zile sekunde 24 karibu zote, pitisha, pitisha, rusha dakika ya mwisho, halafu wote mrudi nyuma. Haipendezi na hakuna mtu ataichukua klipu. Lakini inakata kipigo nusu. Na mwendo wa timu unaamuliwa na kocha. Kijana wa miaka 17 aliyefungwa na pointi 20 hawezi kujiambia apunguze mwendo. Damu yake yote inamwambia arushe haraka arudishe hizo 20 kwa mpigo mmoja.

Halafu kuna sheria moja ambayo wengi hawaijui juu wanaangalia NBA tu. Kule NBA mchezaji mwenye mpira anaweza kuita taimauti. Kwa sheria za FIBA, ambazo ndizo tunachezea hapa kwetu, mchezaji hawezi. Anayeruhusiwa kuomba ni kocha ama msaidizi wake wa kwanza. Basi. Timu ina taimauti mbili nusu ya kwanza na tatu nusu ya pili. Hawa vijana watano wakizama, wazame vipi, hakuna hata mmoja wao aliye na ruhusa ya kusimamisha mechi avute pumzi. Kamba iko mkononi mwa mtu mmoja, na huyo mtu amekaa.

Hapo nikawa nimeamua. Lawama ya kunyoroshwa ni ya kocha. Nikaandika hivyo. Hiyo ndiyo ile ya pili niliyofuta.

Nilifuta juu nilikumbuka kitu ambacho sijawahi kusema hapa.

Nikiwa kidato cha tatu nilichezea shule. Sitaitaja. Mchezo wetu unachezwa muhula wa kwanza, na mwaka huo tulifika mashindano ya kaunti, tukachapwa 67–14. Jumatatu matokeo yakasomwa gwaride, shule nzima ikacheka, na sisi tukawaambia wenzetu ati ni mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa wa Kemia, alipewa timu juu hakuna mwingine aliyeitaka. Alikuwa anakuja mazoezi na kitabu cha sheria amekiweka alama kwa kalamu nyekundu, anasoma usiku anatufundisha asubuhi. Tulimwita Asidi.

Sasa sikiza kile hatukusema. Mapumziko tulikuwa 24–9. Tofauti ya 15, kitu cha kawaida kabisa. Kapteni wetu alikuwa ametolewa robo ya pili juu alikuwa anarusha kila mpira, akakasirika. Kwa mapumziko, tukiwa tunakunywa maji nyuma ya basi, akasema, "Wacha tuone kama Asidi atacheza yeye." Hakuna mtu alisema tugome. Lakini nusu ya pili hakuna mtu alikimbia kurudi. Tukipoteza mpira tunasimama, tunashika kiuno, tunaangalia. Tulifungwa 43–5 nusu hiyo. Mwalimu aliita taimauti zote tatu. Nakumbuka ya mwisho, alituangalia mmoja mmoja, akasema tu, "Rudini basi. Hata kama hamtafunga, rudini." Hatukurudi.

Muhula wa pili timu ikapewa mwalimu mwingine. Asidi akarudi kwa maabara yake. Tulisherehekea, wasee. Mimi nilisherehekea.

Ukiniweka pale nje kama mtazamaji mwenye simu, ningeona 67–14, ningeona mwalimu ameshika kitabu, ningejua la kuandika juu ya klipu.

Kwa hivyo hii ndiyo imani yangu sai, na ndiyo nataka mbishane nayo: skobodi haiwezi kukuambia lawama ni ya nani. Ukitaka kujua, wacha kuangalia mpira. Subiri timu ipoteze mpira, halafu angalia miguu ya wale watano kwa sekunde nne zinazofuata. Kurudi kukaba hakuhitaji kipaji. Hakuhitaji urefu, wala viatu vya elfu kumi na tano, wala kocha kutoka ng'ambo. Kama wanarudi wote na bado wanafungwa, basi wachezaji wamefanya yao. Nenda ukamuulize kocha kwa nini wanafungwa kwa njia ile ile mara kumi. Kama hawarudi, anza nao. Halafu uliza kwa nini waliacha, na hapo unaweza kurudi kwa kocha tena, ama usirudi.

Nilikuwa na mechi nzima ya 84–21 kwa simu. Nikarekodi dakika 40 nikatumia sekunde 38, ndio kazi. Juzi usiku nikakaa nikaiangalia yote, bila sauti, nikiangalia miguu tu.

Mapumziko ilikuwa 41–15. Mbaya, lakini vijana walikuwa wanarudi. Robo ya tatu wale wengine wakaanza kukaba uwanja mzima, watu wawili juu ya mwenye mpira, na hiyo robo ikaisha 25–2. Hapo ndipo klipu yangu ilitoka. Sasa angalia miguu. Mara ya kwanza namba nane anapokonywa, wanarudi watatu. Mara ya pili wanarudi wawili. Mara ya tatu na ya nne anarudi mmoja tu.

Ni yeye. Namba nane. Anapokonywa, anageuka, anakimbia urefu wa uwanja mzima peke yake, anaruka kujaribu kuzuia, anachelewa, anaokota mpira chini ya wavu, anampa mwenzake autoe nje, anarudishiwa yeye tena. Hakuna mwenzake anakuja kumsaidia kuupokea. Wako mbele, wamesimama, wanangoja. Kwa klipu yangu hamkuona hiyo, juu nilikata kila mara pale mpira unapopotea. Nilikata nikiwa najua kuchekesha ni wapi.

Na kocha? Robo nzima ya tatu hakuita taimauti hata moja. Mechi iliisha bila yeye kutumia hata moja ya zile tatu.

Nikaenda kumtafuta. Si ati mimi ni jasiri, nilikuwa nataka tu kusikia atasema nini. Ni mzee wa makamo, ana kibanda cha kutengeneza simu, mazoezi anafanya bure jioni. Nilijua atanifukuza. Akanivutia stuli.

"Wewe ndiye ulichukua ile video?"

"Ni mimi, kocha."

"Sauti yako naijua. Kijana, unacheka kwa nguvu."

Nikamuuliza kuhusu taimauti. Alinyamaza kidogo, akaendelea kufungua simu ya mtu. Akasema alikuwa na wachezaji saba siku hiyo, mmoja ametoka na fauli tano, mwingine mguu umevimba. Akasema, "Ningeita niwaambie nini? Sisi hatujawahi kucheza dhidi ya kitu kama kile." Nikauliza aje. Akaniambia niende uwanjani nihesabu ringi.

Ringi ni moja, wasee. Ile ya upande wa barabara iling'oka kitambo na nguzo ikabaki, siku hizi watu wanaanika nguo pale. Nimepita hapo mara mia na sijawahi kuona. Kwa hivyo hawa vijana wanafanya mazoezi nusu uwanja, miaka nenda miaka rudi. Kupandisha mpira kutoka mwisho hadi mwisho na watu wawili wamekukaba, hicho ni kitu namba nane alikutana nacho kwa mara ya kwanza siku hiyo, mbele ya watu, na simu yangu.

Lakini sikumwachilia hivyo tu, na yeye hakujiachilia. Nilimwambia hata hivyo angeita, hata kama ni kuwapa maji, hata kama ni kumwambia mtu mmoja asimame katikati apokee pasi. Akasema, "Hiyo ni kweli. Hapo nilikosea. Niliona aibu, nikataka tu iishe." Sijawahi kusikia mtu mzima akisema hivyo bila kuweka "lakini" mbele.

Basi mlitaka jibu, jibu langu ndilo hili. Kuchapwa kulikuwa kwa ringi moja na mtu yeyote anayehusika na huo uwanja na hajali. Kunyoroshwa, kutoka 41–15 hadi 84–21, kunaanza na kocha aliyeona aibu akakaa, kunafuata na wale wanne walioshika kiuno. Hao wanne mlikuwa mnawatetea kwa komenti bila kujua, juu kwa klipu hawaonekani. Yule mliyemtukana ndiye peke yake hana deni. Na mimi sikuwa kwa timu yoyote lakini niko kwa hiyo orodha pia.

Mtu ataniuliza na wale walioshinda je? Mbona waendelee kukaba uwanja mzima wakiwa mbele kwa pointi 40? Mi siwezi kuwalaumu sana. Mashindano yalikuwa ya makundi, na timu zikilingana tofauti ya pointi inaweza kuamua nani anapita. Ukiwaambia wapunguze unawaambia wacheze kamari na nafasi yao. Waandaaji ndio wangeweza kuweka kitu. Marekani kwa mechi za shule, majimbo mengi yanaacha saa iende bila kusimama tofauti ikifika kiwango fulani, mechi inaisha haraka, kila mtu anaenda nyumbani na heshima yake kidogo. Kwa vijana wa chini ya miaka 18 sioni kwa nini tusifanye hivyo. Lakini hiyo ni mada ya siku nyingine.

Namba nane hajakuja mazoezi tangu ile Jumamosi. Kocha ndiye aliniambia, akiwa ananisindikiza. Shuleni wameanza kumwita "Nani Alimpa". Niliitoa klipu usiku huo huo, lakini mnajua vile mambo iko, watu walikuwa wameishaipakua, wameweka nyimbo juu, wengine wamefuta jina langu wameweka lao. Nikamtumia ujumbe. Nikaandika mrefu, nikafuta, nikaandika mfupi: nimeangalia mechi yote, nimeona ulikuwa unarudi. Imesomwa. Hajajibu. Hana sababu ya kunijibu.

Kakake mdogo nilimpata jana dukani. Nikamuuliza brathe yako ako aje. Akaniangalia, akanijua, akasema, "Ako tu."

Jumamosi hii wanacheza tena, saa nne asubuhi, na timu nyingine yenye uwanja wa maana. Watachapwa, nawaambia mapema. Kocha amesema jioni hizi wamekuwa wakipandisha mpira kutoka kwa ile nguzo ya nguo hadi kwa ringi, watu wawili wakimkaba mmoja, mama wa nguo akiwapigia kelele. Nitakuja na simu. Safari hii sitakaa pale upande wa kufungia. Nitakaa nyuma ya ringi yetu, pale mtu anarudi akikuangalia usoni, nione kama kuna namba nane.